Muvi ya malenga isiyosimulia maisha yake

Jamani kuna muvi ya 1969 nimeirudia juzi usiku na mpaka leo haijanitoka kichwani, Rangi ya Makomamanga ya mwongozaji Sergei Parajanov. Inamhusu Sayat-Nova, malenga wa Kiarmenia wa karne ya 18, kijana wa Tbilisi aliyekuwa akipiga kamancha (ala ya nyuzi kama zeze, inapigwa kwa upinde) kwenye jumba la mfalme Erekle II wa Georgia, akatunga kwa Kiarmenia, Kigeorgia na Kiazeri, baadae akawa padri, na 1795 jeshi la Agha Mohammad Khan wa Uajemi likamuua.

Haya yote nimeyasoma pembeni, kwenye muvi huyakuti hivyo. Watu karibu hawaongei, kamera imetulia tu, wamesimama wanakutazama machoni kama picha za ukutani kanisani. Wengi wanaizimia hapo na mimi mara ya kwanza niliizima, nilikuwa nasubiri stori. Sasa naona Parajanov alikuwa sahihi kabisa, mtunzi humjui kwa kuambiwa alikaa wapi akamuoa nani, unamjua ukiviona vile vitu vilivyomjaa mpaka maneno yakamtoka. Na sisi wa mashairi tungepaswa kuielewa upesi kuliko wengine, maana shairi la Muyaka, yule malenga wa Mombasa, likianza na fumbo hulikatizi uulize anasemwa nani, unaliacha likuingie kwanza.

Tazama pale utotoni. Mvua imelowesha vitabu vya monasteri, vinakandamizwa kwa mawe maji yanachuruzika, halafu vinatandazwa juu ya paa vikauke, upepo unakuja kurasa zinapepea zote kwa pamoja na katoto kamelala katikati yake. Basi. Hakuna anayekwambia huyu atakuwa mshairi, lakini umeshajua. Au ile sufu inayotolewa kwenye rangi, nyekundu, bluu, njano, inaning'inia inadondoka tone tone kwenye sinia.

Halafu kuna Sofiko Chiaureli, mwigizaji mmoja anayecheza malenga kijana na huyohuyo anamcheza mpenzi wake. Wapo wanaosema inachanganya. Mimi naona ndio ukweli wenyewe wa mashairi ya mapenzi, ukimuimba mtu miaka na miaka sura yake na yako zinakuwa moja.

Kinachoniuma ni walivyomfanyia Parajanov. Wakubwa wa sinema wa Kisovieti hawakuitaka, jina la Sayat-Nova likaondolewa kwenye kichwa cha muvi, mwongozaji mwingine, Sergei Yutkevich, akaikata upya, na 1973 Parajanov mwenyewe akakamatwa, akakaa kambi ya wafungwa mpaka mwisho wa 1977. Mtu mwenye jicho lile alikaa zaidi ya miaka kumi bila kumaliza muvi nyingine ndefu! Na bado huko kifungoni mikono haikutulia, alichora, akabandika makaratasi, akachora nyuso kwenye vifuniko vya foili vya chupa za maziwa. Kazi zake nyingi za mikono ziko kwenye jumba lake la makumbusho Yerevan, Armenia.

Ukiitafuta chukua toleo lililosafishwa la 2014, mengine rangi zimefifia na hii bila rangi umeibiwa. Angalia usiku kukiwa kimya na uvae hedifoni, yale matone kwenye sinia yasikupite.