Ubunifu wa Apple upo, ila Msimbati haujafika

Msimu wa korosho ukifika huku kwetu Mtwara, hela ya mnada ikishaingia kwenye akaunti, simu zinanunuliwa sana mjini, na kijana wa Newala au Tandahimba ukimuuliza anataka ipi atakwambia macho matatu, yaani iPhone ya Apple yenye kamera tatu. Siwalaumu, simu ni nzuri. Ila kila mwaka ikitoka mpya ubishi kijiweni ni ule ule, kwamba Apple wameishiwa, hawabuni tena, sa hivi ni hela tu.

Mi nakataa kwamba wameishiwa. Kweli ile ya Januari 2007, Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, anaonyesha simu haina vitufe vya namba, kioo cha kugusa tu, haiwezi kutokea kila mwaka. Na kweli kuna mambo wamefanya ya kibiashara tupu, 2016 wakaondoa tundu la hedifoni halafu siku hiyo hiyo wakatangaza AirPods, hedifoni zisizo na waya, za dola 159, 2020 wakaacha kuweka kichwa cha chaji kwenye boksi wakasema ni kwa ajili ya mazingira, USB-C, lile tundu la chaji linaloingiliana na simu nyingine, nayo wamekuja kuiweka kwenye iPhone 15 mwaka 2023 baada ya Ulaya kupitisha sheria. Laini mbili, kitu ambacho Tecno waliuza Afrika miaka mingi kwa sababu walituangalia tunavyoishi, iPhone ilianza nazo 2018. Yote hayo nayajua na bado nasema wanabuni, na ushahidi wangu ni mmoja tu.

2022 walitoa iPhone 14 yenye uwezo wa kuomba msaada kwa setilaiti, mahali ambapo hakuna mnara hata mmoja. Unaielekeza simu juu, inakuonyesha setilaiti iko upande gani, anga likiwa wazi ujumbe unaondoka ndani ya sekunde kama 15. Simu ya mfukoni, haina ule antena mrefu, inaongea na kitu kilicho zaidi ya kilomita 1,000 juu yako! Kazi hiyo haifanywi na watu walioishiwa.

Sasa mjomba wangu ni mvuvi, Msimbati, pwani huku huku Mtwara. Jioni moja nimekaa naye ufukweni anajiandaa kuingia, akachukua kitochi chake akakiviringisha kwenye mfuko wa nailoni mara tatu, akakifunga kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akakitia kwenye dumu pamoja na kiberiti. "Hii ya kupigia nyumbani nikikaribia, kule mbele haishiki kitu." Nikamweleza habari ya simu ya setilaiti. Akasimamisha mkono. "Na huku inafanya?" Nikamwambia hapana mjomba, huku haifanyi. Akamalizia kukaza mfuniko.

Haifanyi kwa sababu setilaiti zile za Globalstar, kampuni inayowapa Apple huduma hiyo, kazi yake ni kuupokea ujumbe na kuurudisha chini, kwa hiyo lazima kuwe na kituo cha ardhini inachokiona, na lazima awepo wa kuupokea na kumtuma mtu aende. Huduma ilianza Marekani na Canada Novemba 2022, Desemba ikaingia Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Ireland. Apple walitoa dola milioni 450 kwa ajili ya mitambo ya huduma hiyo, nyingi zikaenda kwa Globalstar. Halafu Mei 2024 Apple hao hao wakatangaza dola bilioni 110 za kununua hisa zao wenyewe. Bilioni! Utafiti wao wote mwaka wa fedha 2023 ulikula karibu bilioni 30, faida ikawa karibu 97.

Hapo ndo ninapoumia. Akili wanayo, hela wanayo, ila faida ndo inayoamua kitu kianzie kwa nani na kiishie wapi. Mtu ataniambia mvuvi hana hela ya iPhone 14, sawa, lakini tajiri mwenye chombo anayo mfukoni, angeweza kumkabidhi nahodha ikalinda roho zote zilizomo. Na serikali yetu nayo ikae nao mezani, isisubiri wakumbuke wenyewe.

Wanaodai simu ya kujikunja ndo waamini ubunifu upo, mi sina haja nayo. Nataka hii ambayo tayari ipo ifanye kazi huku. Giza la mwezi limeanza juzi, dagaa wanavuliwa usiku, na mjomba leo anaingia tena na kile kitochi kwenye dumu.