Choroa wa Oman: mafuta au majangili?

Juni 2007, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikutana Christchurch, New Zealand, ikafanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya kabla: ililiondoa eneo zima kwenye orodha yake. Lilikuwa ni Hifadhi ya Choroa wa Arabia, mnyama mkubwa wa jamii ya swala (oryx kwa Kiingereza), kwenye uwanda wa Jiddat al-Harasis katikati ya Oman. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeipunguza kwa asilimia 90, kutoka kilomita za mraba 27,500 hadi 2,824, ili kupisha utafutaji wa mafuta. Tangu hapo habari hii husimuliwa kwa ufupi tu: mafuta yamemmaliza choroa. Ina ukweli ndani yake, ila ukizipanga tarehe moja baada ya nyingine, haikai sawa.

Kwanza mnyama mwenyewe. Waarabu humwita maha, na ndiye aliye kwenye mkia wa ndege za Qatar Airways zinazotua Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar. Ni mdogo kuliko choroa wetu wa Samburu na Tsavo, mweupe karibu mwili mzima, pembe zake mbili zimenyooka kama mikuki. Weupe huo unarudisha miale ya jua. Mchana wa kiangazi hutafuta kivuli cha mgunga, hufukua mchanga wa juu unaounguza hadi afike ule wenye ubaridi, kisha hulala humo mpaka jua lipungue makali. Anaweza kukaa miezi mingi bila kunywa maji ya kisima. Humtosha umande na maji yaliyomo kwenye majani. Jiddat al-Harasis inamfaa kwa sababu hiyo hasa. Mvua ni ya kubahatisha na inaweza kukosekana miaka kadhaa, lakini pepo za Bahari ya Arabuni huleta ukungu usiku, na alfajiri nyasi huwa zimelowa. Mvua ikinyesha mbali, choroa huifuata. Hilo la kutembea kufuata malisho msomaji alikumbuke, maana tutalirudia.

Alikwisha toweka mara moja. Magari na bunduki za kisasa vilipoingia jangwani, misafara ya uwindaji ilimfyeka, na wale wa mwisho wa porini waliuawa hapo hapo Jiddat al-Harasis mwaka 1972. Bahati nzuri kuna watu waliokuwa wameona mbali. Mwaka 1962 Meja Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori Kenya, aliongoza msafara kwenda mashariki ya Himaya ya Aden, Yemen ya leo, wakakamata choroa wachache. Walipitishwa Kenya kabla ya kusafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Phoenix, Arizona, ambako hali ya hewa inakaribiana na ya kwao. Wakaongezewa wengine kutoka London, Kuwait na Saudia, na kundi la mwanzo likawa la wanyama tisa tu. Januari 1982, kwa agizo la Sultani Qaboos, choroa kumi wa kizazi hicho walifunguliwa milango huko Yalooni, Oman, bila uzio mbele yao.

Mradi ulistawi. Askari waliowalinda walikuwa Waharasisi, wafugaji wa ngamia na mbuzi ambao uwanda ule una jina lao na wanaozisoma nyayo kama wengine tunavyosoma gazeti. Mwaka 1994 UNESCO iliiorodhesha hifadhi. Kufikia 1996 choroa walikaribia 450.

Mwaka huo huo ujangili ulirudi kwa sura mpya. Safari hii hawakuja kuua. Walikuja na magari kukamata wakiwa hai, hasa majike na ndama, wauzwe kwa matajiri wanaofuga wanyama adimu kwenye mashamba yao. Mnyama anayefukuzwa na gari kwenye joto lile mwili huchemka na misuli huharibika kwa mbio. Wengi walikufa njiani kabla ya kumfikia mnunuzi. Kufikia mwanzoni mwa 1999 kundi la porini lilikuwa limeharibika kiasi kwamba wasimamizi walikamata karibu 40 wakawarudisha zizini kuokoa mbegu. Ilipofika 2007, UNESCO ilihesabu 65, na jozi nne tu zenye uwezo wa kuzaa.

Kwa hiyo pigo kubwa liliwapata choroa miaka minane kabla ya ramani kuchorwa upya. Mafuta yalikuta nyumba imeshavunjwa.

Je, tuiondolee serikali lawama? Hapana, lakini hoja yake isikilizwe. Oman si Qatar. Visima vyake ni vigumu na ghali kuvichimba, na mapato ya mafuta ndiyo yaliyojenga shule, hospitali na barabara katika nchi ambayo kabla ya 1970 ilikuwa na shule tatu tu. Mishahara ya askari wa choroa nayo ilitoka huko huko. Tena kwa Waharasisi wenyewe mafuta hayakuja kama adui: visima vya kwanza vya maji uwandani, Ajaiz na Haima, vilichimbwa kwa ajili ya kampuni ya mafuta katika miaka ya 1950. Kumwambia mtu aliyeishi kwa maziwa ya ngamia sababu ya kukosa maji kwamba kampuni ni balaa, hakuelewi.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Hifadhi haikuorodheshwa kwa ajili ya choroa peke yake. Kuna swala, mbuzi mwitu wa majabalini, mbwa mwitu wa Arabia, simbamangu na ndege wa hubara. Hao hawakuwa wamekwisha, na ukubwa wa eneo ndio uliokuwa uhai wao. Isitoshe, kwenye barabara ya mtambo wa mafuta hapiti mhandisi peke yake, hupita na jangili. Na kusema kwamba choroa wameshaibiwa, basi hata nyumba yao tuigawe, ni kumwadhibu aliyeibiwa. Mahali mnyama alipokwisha ndipo angeweza kurudishwa. Ukishapunguza ardhi kwa asilimia 90 umefunga na mlango huo.

Mimi naona pande zote mbili zinampita aliyekuwa katikati. Mwanaanthropolojia Dawn Chatty, aliyekaa na Waharasisi tangu miaka ya 1980, amekuwa akilalamika kwamba mradi ulipangwa juu ukateremshwa kwao, bila wao kuulizwa malisho yao na mifugo yao itakuwaje. Walipewa ajira. Si jambo dogo, ila ajira ni ya watu kadhaa wa kabila moja, na makabila jirani yalibaki watazamaji. Choroa akawa mali ya Sultani, inayolindwa na Waharasisi. Ukimkosa bwana, unamvizia mnyama wake. Wanaotetea mradi watajibu kwamba bila amri ya Sultani choroa asingerudi kabisa, na ni kweli. Lakini amri ilitosha kumleta. Kumbakisha kulihitaji jirani aone ni hasara yake choroa anapoibiwa.

Nchi jirani zilichagua uzio. Saudia iliizungushia Mahazat as-Sayd, zaidi ya kilomita za mraba 2,200, na majangili wakakosa njia. Ukame ulipokuja, choroa nao wakakosa njia: walishindwa kuifuata mvua, na mamia walikufa kwa njaa ndani ya ulinzi mzuri kabisa. Falme za Kiarabu huwawekea chakula na maji jangwani, jambo linalowaweka hai na kuwafanya nusu mifugo. Saudia hiyo hiyo ilijaribu njia nyingine kwenye Uruq Bani Ma'arid, pembezoni mwa jangwa la Rub' al-Khali, ambako hakuna uzio, na mwaka 2023 eneo hilo liliingia kwenye Urithi wa Dunia. Ukiniuliza, uzio ni ghala zuri na makazi mabaya.

Sisi wa huku tusiitazame Oman kwa mbali sana. Selous iliingia kwenye orodha hiyo mwaka 1982, mwaka ule ule wa Yalooni. Mwaka 2012 mpaka wake ulirekebishwa kupisha urani ya Mto Mkuju, safari hii kwa ridhaa ya UNESCO. Mwaka 2014 ikawekwa kwenye orodha ya hatari kwa sababu ya ujangili wa tembo, kisha likaja bwawa la umeme. Maneno yalikuwa yale yale: nchi inahitaji nishati, mnyama anahitaji nafasi. Tofauti ni kwamba Tanzania ilibishana hadharani miaka mingi, wakati Oman mambo yalimalizika kimya kimya kwa amri.

Choroa mwenyewe hakufa. Mwaka 2011 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linaloorodhesha viumbe walio hatarini, ilimtoa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, ikamweka kwenye la walio dhaifu tu. Ni wa kwanza kufika hapo baada ya kutoweka porini. Wa porini walikadiriwa kuwa kama 1,000, na maelfu kadhaa wanafugwa, wengi wao rasini humo humo Arabuni. Hapa kuna jambo ambalo wahifadhi hawapendi kulisikia: matajiri wale wale waliowanunua wa wizi, sasa wamewazalisha hadi choroa si adimu tena, na wizi wa mwituni haulipi kama zamani. Kama hiyo ndiyo sababu kubwa ya magari ya majangili kutoonekana tena, basi Oman ina nafasi ya kuwafungulia tena wakatembee. Ila watatembea wapi, kwenye zile kilomita 2,824?