Hatukufunga, Sawa. Lakini Kwa Nini Hatukuhesabu?

Korona ikitajwa kwenye vijiwe vya kahawa hapa Mtwara mjini, hukumu huwa imeshatoka: sisi Watanzania hatukufungiwa ndani, na hatukufa. Waganda walifunga shule karibu miaka miwili. Wakenya walikimbizwa na virungu vya polisi kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Wahindi walitembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi vijijini kwao. Sisi tulinawa mikono kwenye ndoo, tukajifukiza, maisha yakaendelea. Mwenye hoja tofauti anaonekana kama mtu aliyetaka tufe njaa.

Nusu ya hukumu hiyo naikubali, tena bila kinyongo.

Kusini tunaishi kwa kalenda ya mkorosho. Mgonjwa wa kwanza nchini alipotangazwa Machi 16, 2020, minada ya korosho ilikuwa imekwisha na wakulima wengi walikuwa wameshaushika mkononi mwaka wao. Siku chache baadaye India ilifunga nchi nzima, na Kollam, mji wa wabanguaji ambao hula korosho ghafi za Afrika, ukafungwa nayo. Ugonjwa ungetukuta Oktoba, huenda leo tungekuwa na simulizi nyingine kabisa. Kwa hiyo sehemu ya ujasiri tunaojisifia ni bahati ya tarehe. Kilichokuwa mbele yetu kuanzia Aprili ni palizi, na baada yake kupuliza salfa. Asiyeijua mikorosho anaweza kudhani hizo ni kazi za kusogezwa mbele. Ubwiriunga, ukungu unaozuiwa kwa salfa, hausogezwi. Ukishalishika ua, mkulima anasubiri mwaka mwingine. Serikali ambayo ingemfungia mtu wa Tandahimba au Newala ndani kwa wiki sita za Juni na Julai ingemnyang'anya mapato ya mwaka mzima, na haikuwa na cha kumpa badala yake. Mama lishe wa stendi na mvuvi wa feri hata wiki sita wasingezifikisha. Hao hula jioni walichouza mchana.

Na pale tulipofunga, tuliumiza. Shule zilifungwa Machi 17, na wanafunzi wa shule za msingi na wengi wa sekondari hawakurudi mpaka Juni 29. Kwa huku kwetu, msichana kukaa nyumbani miezi mitatu bila tarehe ya kurudi ni hatari inayojulikana: mchumba hujitokeza, au mimba. Wakati huo aliyejifungua hakuwa na njia ya kurudi kwenye shule ya serikali. Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021. Uganda shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022. Anayetetea kufunga nchi aanze kwa kuwajibu wasichana hao.

Basi, kufunga nchi nzima kwa mtindo wa Ulaya hapa kwetu kungekuwa ukatili. Ningeishia hapo kama mjadala wa vijiweni ungeishia hapo. Kinachonikera ni kwamba mwaka 2020 tulifanya maamuzi mawili, na sifa za la kwanza zimetumika kulifunika la pili. La kwanza ni kuwaacha watu wafanye kazi. La pili ni kuacha kuhesabu wagonjwa na wafu. Hakuna ulazima wowote wa moja kulileta jingine. Mkulima angeweza kupuliza salfa yake huku mkoa ukijua ni wangapi wamelazwa wiki ile.

Mapema Mei 2020 zilifika takwimu za mwisho: wagonjwa 509, vifo 21. Siku zilezile Rais Magufuli alitilia shaka maabara, akieleza kuwa sampuli za papai na mbuzi zimeonekana kuwa na virusi. Shaka ya vipimo si dhambi. Lakini mkulima akigundua mizani ya AMCOS, chama chake cha ushirika, inamwibia, hudai mizani nzima. Hasemi kuanzia leo korosho zipimwe kwa macho. Sisi tulichukua njia ya macho. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka mwaka huohuo zikakataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka, kwa hiyo hata wa pembeni aliyetaka kuhesabu alitishwa.

Namba hiyo, 509, ilikaa kwenye majedwali ya dunia zaidi ya mwaka. Lilikuja wimbi la Januari na Februari 2021, ambalo mtu yeyote aliyekuwa na simu analikumbuka kwa ujumbe wa tanzia uliokuwa ukiingia asubuhi na jioni, na bado ilikuwa 509. Vifo 21. Familia iliyozika Februari ile haikuwa hata sehemu ya hesabu.

Juni 28, 2021 Rais Samia alipotaja idadi ya wagonjwa waliokuwepo, alisema wamezidi 100, na kati yao 70 wako kwenye oksijeni. Wengi waliisikia ile 100 wakashusha pumzi: kidogo tu! Mimi nilibaki na ile 70. Ugonjwa huu huwaacha wengi na mafua na homa za kupita; wanaohitaji oksijeni ni wachache. Ukiona kati ya wagonjwa mia unaowajua sabini wanasaidiwa kupumua, maana yake unawajua wale tu waliofika hospitali wakiwa taabani. Waliougulia nyumbani hawamo. Waliofia nyumbani hawamo. Namba ile, kwa udogo wake, ilikuwa inaeleza ukubwa wa kile kisichoonekana, na nampongeza Rais kwa kuitamka, maana kabla yake hata hiyo hatukuwa nayo.

Kuna hesabu nyingine ninayoirudia kila nikitafakari jambo hili. Mwanzoni mwa Machi 2021, Katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padri Charles Kitima, alieleza kwamba katika miezi miwili Kanisa lilikuwa limepoteza mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 kwa matatizo ya kupumua. Hakusema wote walipimwa, nani angewapima? Ila hebu fikiri kwa nini tunaijua idadi hiyo. Mapadri na masista wameorodheshwa. Kila mmoja ana nyumba anayokaa na mkubwa wake anayejua yuko wapi, na akifa jimbo linaandika. Wazee wa Mikindani hawana orodha ya namna hiyo. Akifariki alfajiri, baada ya adhuhuri ameshazikwa, kama dini inavyotaka, na siku zinazofuata ni za matanga. Hakuna mahali katika mlolongo huo ambapo mtu wa afya anauliza alikuwa anaumwa nini. Kama masista 60 walionekana kwa sababu tu kuna mtu anawahesabu, sioni msingi wa kuamini kwamba wasiohesabiwa walisalimika.

Mtu ataniambia: Tanzania ni nchi ya vijana, ugonjwa huu ni wa wazee, kwa hiyo hata bila hesabu tunajua hatukuumia sana. Kwa nchi nzima hoja hiyo ina nguvu. Kwa Lindi na Mtwara inayumba. Vijana wetu wako Dar es Salaam, na jina la Machinga, ambalo ni kabila la Lindi, halikutoka hewani. Vijijini wamebaki wazee wengi kuliko mikoa mingi, na wazee hao ndio wanaolea. Nenda kijiji chochote cha Nanyamba au Mtama uone nyumba zenye bibi na wajukuu wanne, mama yao yuko Mbagala anauza mitumba na kutuma pesa anapojaaliwa. Takwimu za vifo vya korona humhesabu bibi huyo kama mtu mmoja mwenye miaka 70, na wachambuzi wengine huona kifo chake ni hasara ndogo kwa kuwa alibakiza miaka michache. Kwa wajukuu wanne, bibi ndiye shule, ndiye ugali, ndiye anayejua dawa ya mchango na siku ya kliniki. Akiondoka, mkubwa wa miaka 13 anakuwa mama, au watoto wanagawanywa kwa ndugu kama vyombo. Yale tuliyoogopa kwa msichana aliyefungiwa shule yanampata na huyu, na yeye hakufungiwa na serikali yoyote.

Halafu kuna gharama ya kuugua tu, hata kwa aliyepona. Ugonjwa mrefu huku kwetu hulipwa kwa mikorosho. Mtu anaikodisha au kuiweka rehani kabla ya msimu, kwa bei ya anayejua una shida, na miti uliyorithi kwa babu inavunwa na mwingine miaka miwili mitatu. Hasara hiyo haitofautiani na ya mkulima aliyezuiwa kupuliza salfa. Tofauti ni kwamba ya pili tungeipigia kelele, kwa kuwa ingekuwa na tangazo na tarehe.

Hoja nzito zaidi ya wanaotetea ukimya ule ni hofu. Kwamba namba zingetolewa kila siku watu wangeogopa hospitali, na mwenye malaria (mikoa yetu inayo malaria ya kutosha) angefia nyumbani kwa kuogopa kuambukizwa wodini. Siipuuzi. Lakini hofu haikuondoka kwa kunyamaza. Watu waliziogopa wodi kwa uvumi badala ya kuziogopa kwa takwimu, na chanjo zilipofika Julai 2021, zaidi ya dozi milioni moja za Janssen, wahudumu walijikuta wanambembeleza mtu aliyeambiwa mwaka mzima kwamba ugonjwa haupo achanjwe dhidi ya ugonjwa huo.

Na tunajua inavyokuwa tukihesabu, maana tulihesabu Lindi. Julai 2022 wagonjwa wenye homa na kutokwa damu puani walionekana Mbekenyera, wilayani Ruangwa. Wataalamu walitumwa, sampuli zikachukuliwa, Ebola na Marburg zikaondolewa kwenye orodha, na Julai 18 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza mbele ya nchi: ni homa ya mgunda (leptospirosis), wagonjwa 20, vifo vitatu, inatibika. (Ruangwa ilikuwa jimbo la Waziri Mkuu, na wenye midomo walilisema hilo. Sawa, lakini kazi ilifanyika.) Hakuna aliyefungiwa ndani. Mkoa haukusimama. Watu waliogopa wiki mbili, wakaelezwa, wakatulia.

Hata kwa mwenye kupima kila kitu kwa shilingi, kuhesabu kulilipa. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka takwimu kabla ya kutoa mkopo wa mwaka 2021, na mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo huo ndio uliojenga madarasa 15,000 nchini. Wanafunzi wanaokaa humo huyaita madarasa ya UVIKO.

Kilichobaki bila kuguswa ni usajili wa vifo. Sheria ipo, na cheti kinatolewa, ila anayekifuata ni mwenye mirathi ya benki au mafao ya kudai. Bibi wa Nanyamba hana akaunti wala mafao. Ana mikorosho, nayo ukoo hugawana wenyewe bila karatasi.