Seli T, siki na nauli ya boti

Bakuli la siki, pamba na taa. Kupima dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi hakuhitaji mengi zaidi ya hapo: muuguzi hupaka siki, akangoja kama dakika moja, na pakigeuka peupe panatiliwa shaka.

Sasa sikia ya Marekani. Mwaka 2015 watafiti wa taasisi ya taifa ya saratani huko walitoa seli T, askari wa kinga ya mwili, ndani ya uvimbe wa wanawake 9 ambao saratani yao ilishasambaa, wakazizalisha kwa mabilioni maabara, wakawarudishia. Watatu walipata nafuu, na wawili kati yao uvimbe ulitoweka kabisa. Saratani hii huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na seli iliyoharibika hubaki na protini za virusi, E6 na E7, kwa sababu bila hizo haiwezi kuendelea kugawanyika. Seli yenye afya haina protini hizo. Shabaha safi kuliko hiyo ni adimu katika saratani.

Sikatai kwamba inavutia. Ila seli T haimwoni virusi mwenyewe. Huona kipande chake kikiwa kimeshikwa na molekuli ya HLA, kishikio kilicho juu ya seli, na aina ya HLA hurithiwa, hutofautiana mtu na mtu. Jaribio la 2021 dhidi ya E7, ambapo nusu ya wagonjwa 12 walipata nafuu, lilipokea wenye HLA-A*02:01 tu, aina iliyoenea Ulaya kuliko Afrika. Kwa hiyo hata tiba hiyo ikishushwa bure kwenye gati la Lamu (na seli zilizogandishwa si samaki, barafu ya kawaida haitoshi), mama wa Mokowe huenda akaambiwa ufunguo hauingii kwenye kufuli lake.

Wapo wasemao basi tuiache, chanjo ipo. Kweli, Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019. Lakini chanjo haifukuzi virusi vilivyokwishaingia. Mwenye miaka 45 leo, ugonjwa ukikomaa, anabaki na boti, basi hadi Mombasa, na wiki kadhaa za mionzi akilala kwa jamaa.

Na tusisahau virusi vya EBV, vingine vinavyohusishwa na saratani. Viligunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka kwa wagonjwa wa Uganda wenye limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi za limfu inayowapata watoto. Desemba 2022 Ulaya iliidhinisha tiba ya seli T dhidi ya virusi hivyohivyo, kwa limfoma inayowapata waliopandikizwa viungo, si ile ya Burkitt ya watoto wetu.

Mimi shilingi ya kaunti ningeiweka kwenye siki na nauli. Kwa watafiti wetu ningeomba jambo moja: aina za HLA za watu wa pwani zipimwe na kuandikwa sasa, kabla hizo funguo nyingine hazijachongwa. Muuguzi naye ana kazi yake, kumjibu bibi anayemwambia mlangoni, "Mwanangu, siumwi mahali, nikapimwe nini?"