Mjomba na Baiskeli Isiyo na Breki Mkononi

Baiskeli ya mjomba wangu haina breki hata moja kwenye usukani. Ni mtumba wa Uholanzi, usukani umepinda kama pembe za ng'ombe, na breki yake imefichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Ukitaka kusimama, unakanyaga pedali kurudi nyuma, mnyororo unaibana breki. Mjomba anaisifu kuliko wanawe. "Hii, mpwa wangu, hailoi."

Hapo hasemi uongo. Mimi nimekulia kwenye breki za fimbo, zile za baiskeli nyeusi za wazee, ambazo vyuma huvuta raba hadi zibane rimu. Rimu yenyewe ni ya chuma kilichong'arishwa, na masika ikilowa inateleza: unabana Magomeni, unasimama Jangwani. Nikahamia breki za waya kwenye rimu ya aluminiamu. Hizo zinashika kweli, ila mchanga wa Dar unatafuna raba na rimu pamoja. Jirani yangu ana mtumba wa Kijapani, breki ya nyuma ni mkanda ndani ya kopo. Akiibana inasimama baiskeli, na kwa mlio wake mtaa mzima. Za diski sizisemi sana. Ni tamu, kidole kimoja kinatosha, mpaka siku fundi apanguse diski kwa tambara lenye grisi.

Basi nikaazima baiskeli ya mjomba, nikapanda Chuo Kikuu, nikageuza kushuka Savei. Mteremko ule kila anayeupanda kwa miguu anaujua. Nikapiga shimo. Mnyororo, ambao kikava chake mjomba alikivua zamani eti kinampigia kelele, ukachomoka.

Nikarudisha pedali nyuma. Ikarudi. Ikaendelea kurudi. Miguu yangu inaelekea Chuo, baiskeli inaelekea Savei.

Tulipokuwa watoto tulikuwa na breki moja isiyotengenezwa kiwandani: ndala. Unakandamiza soli kwenye tairi la nyuma, inanuka mpira unaoungua, lakini unasimama. Nikapeleka mguu nyuma. Madigadi! Waholanzi wamelifunika tairi utadhani litaibiwa. Nikaburuza miguu kwenye lami. Ndala ya kushoto ikaamua kubaki hapo hapo.

Bodaboda mmoja akaja sambamba nami, kwa huruma.

"Oya mwanangu, shika breki!"

"Breki ni pedali!"

"Sasa si ukanyage pedali?"

"Nakanyaga!"

Akaitazama miguu yangu inavyozunguka kinyumenyume, akapunguza mwendo, akaniachia nafasi ya kutosha.

Kilichonisaidia ni mchanga wa ujenzi uliomwagwa pembeni mwa barabara. Baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Nilipoinua kichwa, mama mmoja alishasema pole, kijana mwingine ameniletea ndala yangu, na mzee mwenye kofia anazunguka baiskeli akiuliza kama inauzwa.

Pale Savei fundi akarudisha mnyororo, akaukaza, kisha akafunga breki ya waya gurudumu la mbele kwa hela yangu mwenyewe. Jioni nikamrudishia mjomba baiskeli. Akaizunguka kimya, akashika ule mkono mpya kwa ncha za vidole.

"Nani kaiharibu hivi?"