Mzazi Anayekataa Kijana Mwenye Ulemavu Ahame Ana Hoja

Katika mazungumzo mengi ya maisha ya kujitegemea hapa Tabora, lawama huishia kwa mzazi. Amemficha mtoto, amemdekeza, haamini kwamba kijana wa miaka 25 anayetumia kiti mwendo anaweza kupanga chumba Isevya na kuendesha maisha yake. Wanaomlaumu wana sheria upande wao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unampa kijana huyo haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Kwa haki yenyewe sina ubishi.

Ila hesabu ya mzazi inaanzia chooni. Vyumba vya bei nafuu uswahilini mara nyingi vina choo cha nje, cha kuchuchumaa, wapangaji wote wanakichangia, na mlango wake haupitishi kiti. Maji ni ya ndoo. Njia ya kufika barabarani ni mchanga. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nyumbani, ndoo hubebwa na mdogo mtu, kuoga husaidiwa na mama, kiti husukumwa na yeyote aliye karibu, na hakuna anayedai senti. Kijana akihama, kazi zilezile zinaanza kulipiwa. Nani analipa? Mama akiuliza hivyo anaambiwa ana mtazamo wa kizamani.

Jibu la haraka huwa ni mkopo wa halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, bila riba. Hiyo 2 inanisumbua. Chukulia halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 3 kwa mwaka. Fungu lao ni milioni 60. Ukimpa kila mmoja milioni 2, wamepata watu 30, wakati sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Hata hao 30 wamepewa fedha za mradi, za kurejeshwa. Fundi cherehani anayelipa bajaji asubuhi na jioni anaanza siku akiwa na hasara ambayo mwenzake wa meza ya pili, aliyekuja kwa miguu, haijui. Marejesho ni yaleyale. Akikwama, tunasikia kwamba wenye ulemavu hawarejeshi, na gunia la mpunga linalouzwa kufuta deni ni la mama.

Ajira? Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya 20 haifiki hata mtu mmoja. Na ukiiweka kando serikali, Tabora ina waajiri wangapi wa ukubwa huo?

Fikra hii ya kuishi kwa kujitegemea ilipata nguvu Berkeley, Marekani, ambako Ed Roberts na wenzake walianzisha kituo chao 1972. Roberts alipooza kwa polio na usiku alilala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Hakujivalisha mwenyewe. Alikuwa na wasaidizi wanaolipwa, na yeye ndiye aliyewaelekeza. Sisi tumechukua wito, msaidizi tumemwacha kulekule.

Upande wa pili una hoja moja ambayo mzazi hana jibu lake: anazeeka. Nimeona matanga ambako ndugu walijadili kijana aende kwa nani kama wanavyojadili makabati, naye amekaa palepale, hajawahi kushika hata simu ya miamala ya jina lake. Mama aliyemlinda miaka 30 bila kumwachia hata uamuzi wa kununua vocha naye amechangia hilo.

Chuo cha Luanzari, cha ufundi kwa watu wenye ulemavu, kiko mkoani humuhumu. Mwanafunzi wake angeweza kumalizia miezi mitatu ya mwisho katika chumba cha kupanga mjini, akiwa na msaidizi anayemchagua mwenyewe lakini anayelipwa na halmashauri, kwa ruzuku isiyorejeshwa. Mzazi aje aone, akague na choo. Akikataa baada ya hapo, mlaumuni.