Sikukuu ya Mazu inatuhusu na sisi watu wa mwambao

Kila akitajwa Zheng He, yule kiongozi wa misafara ya meli za China ya karne ya 15, huku kwetu lazima mtu alete stori ya yule twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, halafu watu wanahamia vigae vya vyombo vya Kichina kule kisiwa cha Pate, mjadala umeisha. Mi naona tunamruka Mazu, mungu wa bahari ambaye wale mabaharia walikuwa wanamlilia mawimbi yakichafuka, na sikukuu yake bado ipo, kila tarehe 23 ya mwezi wa tatu kwa kalenda ya Kichina. Kitovu chake ni kisiwa cha Meizhou, mkoa wa Fujian.

Wanasema alikuwa binti wa hapo hapo, Lin Mo, aliyezaliwa 960 na hakulia kabisa alipozaliwa, akawa anaokoa wavuvi mpaka alipofariki 987, hata miaka 30 hajafikisha. Watu wakamjengea hekalu. Siku yake ikifika wavuvi wanaacha kwenda baharini, ni ngoma, fataki, moshi wa udi hadi macho yanawasha, na wanawake wa kisiwa wanafunga nywele kwa umbo la tanga, yaani kichwa chenyewe kinakuwa jahazi. Kinachonivutia zaidi ni majivu. Hekalu jipya likianzishwa linachukua majivu ya udi kutoka hekalu mama, kisha sanamu yao ya Mazu inakuwa inarudishwa Meizhou kumsalimia mama, na mwaka 1987 waumini wa Taiwan waliipania hiyo ziara mpaka wakazungukia Japani, maana kwenda China moja kwa moja kulikuwa hakuruhusiwi!

Kuna watu watakwambia aah, hekalu lenyewe si la kale, lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao na hayo majengo ni ya juzi tu. Ni kweli lilibomolewa. Ila wanakijiji wakalisimamisha tena, na kwangu mimi ukale ni watu wasioachia jambo lao, mbao na vigae vinabadilishwa tu jamani.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1431, kabla ya safari yake ya mwisho, Zheng He alisimamisha jiwe la shukrani kwa Mazu kwenye hekalu lake kule Changle, Fujian hiyo hiyo (na huyu bwana alizaliwa familia ya Kiislamu, sijui tungemwekea mjadala gani leo). Jiwe linasema dhoruba ikiwazidi walikuwa wanaita jina lake na taa inatokea juu ya mlingoti. Halafu linataja zawadi zilizopatikana, Mogadishu imetoa punda milia na simba, Barawa imetoa ngamia na mbuni. Barawa hii hii ya Somalia, ya wasema Chimwini, lahaja ya Kiswahili, ndugu zetu kabisa kwa lugha, imo kwenye barua ya asante kwa mungu wa Wachina!

Kwa hiyo zile sherehe za urafiki wa China na Afrika, badala ya hotuba ndefu na picha za kushikana mikono, mi ningetaka siku moja wazee wa Barawa waalikwe Meizhou siku ya Mazu. Hawaendi kuabudu, kila mtu na dini yake, ila wapewe viti vya mbele, watambulishwe kama wageni wa tangu karne ya 15, na kwenye chakula wawahi kabla ya mabalozi.